Mstari wa Kijani Ulifika Mwisho

Tarehe 3 Machi

Chiriku,

Diski imefika. Bahasha haikuchanika, waya umo, na yale maneno yako makubwa ya kalamu nyekundu, "SI YA KUKUNJA", yamesaidia, maana mleta barua wetu hukunja hata kadi za pole.

Nimeichomeka kwenye kompyuta na kukaa nayo siku nzima. Video zimefunguka moja baada ya nyingine. Nimemwona mama akisimulia jinsi baba alivyopaua nyumba ya zamani huku akitukana misumari. Nimemwona akikugombeza kwa kuegemeza simu kwenye sufuria iliyotoka jikoni na masizi yake. Nimemsikia akiwataja majirani wa mtaa wetu, nyumba kwa nyumba, kabla hatujatawanywa. Nilicheka peke yangu mpaka dobi wa hapa chini akapaza sauti kuuliza kama nina mgeni.

Kisha nikafikia ya mwisho. Unaijua ninayoisema. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba mama aliomba simu, akajifunga kilemba upya, akasema, "Hii ni ya kaka yako, isichanganywe na nyingine." Jina lake lipo kwenye diski: "Ya Kaka". Nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikatazama ukubwa wake: sifuri. Jina bila mwili.

Sasa niambie, Chiriku. Nyingine zote nzima, na hii moja tu, ya kwangu, imekufa. Mama amepooza, hasemi tena. Alichotaka kuniambia kilikuwa mle, si kwingine. Tangu utotoni ulikuwa unafungua barua zangu kwa mvuke wa birika na kuzifunga tena ukidhani sioni. Alisema nini kilichokuudhi? Alisema nyumba iwe ya nani? Au alikusema wewe?

Usinipigie simu. Kwenye simu wewe huongea juu ya maneno yangu na mimi hupandisha sauti, tunaishia kukata. Andika. Kwenye karatasi angalau kila mtu humaliza sentensi yake.

Nataka jibu la kweli, na ninalitaka bila maua.

Kaka yako


Tarehe 19 Machi

Kaka,

Maua hamna. Hata salamu nimezibana, utazipata siku ukizistahili.

Barua yako ilinikuta nina wateja watatu sebuleni na sare za shule hazijatiwa vifungo. Nikaisoma nimesimama. Mwalimu mmoja akaniuliza, "Fundi, kuna msiba?" Nikamwambia, "Ndiyo, wa adabu." Nikashona mkono wa shati lake kwenye kola, ikabidi nifumue.

Sasa sikiliza wewe uliyesahihisha vitabu vya shule maisha yako yote. Kompyuta hii yenye mfumo wa Linux ulinitumia wewe, eti nyepesi, haipati virusi. Diski ulinitumia wewe. Na maelekezo uliniandikia wewe, kwa mkono, nimeyabandika ukutani pembeni ya cherehani. Nakunakilia ulichoandika usije ukasema nimebuni: "Unganisha simu na kompyuta. Unganisha diski. Usiweke video kwenye kompyuta, haina nafasi, zipeleke moja kwa moja kwenye diski. Mstari wa kijani ukifika mwisho, kazi imekwisha. Chomoa diski. Kisha futa video kwenye simu ili upate nafasi."

Nilifanya neno kwa neno. Nilizichagua zote, nikazivuta kwenye diski. Mstari ukaanza kukimbia, nikasema kumbe kaka anajua mambo. Kisha kompyuta ikaganda. Mshale hausogei. Nabonyeza hapa, kimya. Ile taa ya diski inakonyeza tu kama mtu mwenye siri. Nikaenda kumgeuza mama, nikamsafisha, nikambadilishia shuka. Niliporudi mstari wa kijani ulikuwa umefika mwisho, nimeuona kwa macho yangu mawili. Nikachomoa. Nikafuta simu. Nikapanga foleni posta nikiwa na sindano bado kifuani.

Na wewe unaniandikia habari za birika.

Unamjua anayemlisha mama? Unamjua anayemwinua? Nyumba ipi unayoisema, hii ya kupanga yenye bomba linalovuja? Nimrithi mama nini, magodoro?

Ulichouliza nitakujibu hivi. Nilikuwa nimeshika hiyo simu mwenyewe kwa sababu alikataa masufuria. Nilisikia kila neno, kuanzia alipokutaja mpaka aliposema basi. Ninayakumbuka yote. Na sikwambii. Umeshaniita mwongo, nikikwambia leo utasema nimetunga. Kaa na sifuri yako.

Chiriku


Tarehe 2 Aprili

Chiriku,

Nimeisoma barua yako mara mbili ili nisikuonee. Matusi nimeyapokea, mengine nilistahili. Kuhusu birika nimekosa. Lakini hoja yako haisimami.

Ule mstari ndiyo hesabu ya kompyuta. Ukifika mwisho maana yake faili limefika. Mimi nimenakili mamia ya maandiko kwenye diski za nje, nikachomoa mstari ulipoisha, na sijapoteza hata nukta. Mashine haina shangazi wala wifi wa kumficha jambo. Kama video ilifika, basi iliondolewa baadaye. Kuganda ni jambo jingine, labda ulifungua vitu vingi kwa pamoja, ukakosa subira.

Nitakuthibitishia. Ninayo diski nyingine kama hiyo, na kompyuta yangu ni pacha wa yako, nilizinunua pamoja. Nitafanya kila kitu ulichosema ulifanya, hatua kwa hatua, kisha tuone nani anasema kweli.

Wakati huohuo, maneno ya mama si mali yako kuyafungia kabatini kwa sababu umekasirika. Ni yangu. Alisema mwenyewe ni yangu.

Kaka yako


Tarehe 8 Aprili

Mdogo wangu,

Sikungoja jibu lako. Barua hii huenda ikapishana na yako njiani, na kama yako ni kali, iache iwe kali.

Nimefanya jaribio. Nilichukua video za mama zilizo nzima, nikazirundika pamoja, nikaongeza na nyingine kubwa, nikazivuta kwenye diski ya pili. Mstari ukakimbia kama ulivyosema. Ukaganda kama ulivyosema. Mshale ukasimama katikati ya skrini, hata saa ya pembeni ikaacha kwenda. Nikasubiri. Ukafika mwisho. Nikachomoa hapohapo, kama maelekezo yangu yanavyotaka. Nikaichomeka tena. Video ya mwisho: jina lipo, ukubwa sifuri.

Niliduwaa. Kisha nikakasirika sana, nikaitafuta sababu mpaka nikaipata, na nitakueleza kwa maneno ya kawaida ili ujue hukukosea.

Kompyuta ina memori, mahali pa kushikilia kazi kwa muda, na pana kasi sana. Diski yetu ya nje ni ya zamani, inaandika polepole. Kwa hiyo unapoiambia Linux ipeleke video kwenye diski, yenyewe inazipokea kwanza kwenye memori, inakuambia "nimepokea", na mstari wa kijani unasogea. Inahesabu ilichopokea. Haihesabu kilichokwisha kuandikwa. Huku nyuma inamimina kwenye diski kidogo kidogo. Memori ikishajaa mzigo unaosubiri diski, kila kitu kingine kinasimama foleni, hata mshale, na ndiko kule kuganda. Na mstari ukifika mwisho, mzigo wa mwisho bado umo kwenye memori. Ukichomoa, umekatika. Ile taa iliyokuwa inakonyeza ndiyo iliyokuwa inasema kweli.

Lipo faili dogo ambamo mfumo wenyewe huonyesha hali ya memori, na mstari mmoja wake hutaja mzigo uliopokelewa ambao haujaandikwa. Nililifungua na kulitazama wakati mstari wa kijani umeshafika mwisho. Mzigo ulikuwa bado mkubwa kuliko video nzima. Nikakaa nikiuangalia ukipungua, nikanywa chai, nikapiga pasi shati, ndipo ukaisha. Nilipochomoa baada ya hapo, kila kitu kilikuwa salama.

Kumbe maandiko yangu hayakupotea kwa sababu ni madogo. Yalikuwa yanaandikwa kabla mkono wangu haujafika kwenye waya. Nikaifanya bahati yangu kuwa kanuni, nikakuandikia wewe uibandike ukutani. Ilipaswa kuwa: mstari ukiisha, bonyeza kitufe cha kuondoa diski, ngoja kompyuta iseme ni salama, chomoa, chomeka tena, fungua video ya mwisho uione, ndipo ufute simu. Nimesahihisha maelekezo ya watu wengine miaka yote, na haya yangu sikuyasoma mara ya pili. Kompyuta yangu pia nimeipa kikomo cha mzigo inaoruhusiwa kushikilia, sasa haigandi. Nitakuandikia jinsi ya kufanya kwenye yako.

Hukufuta. Nilikuita mwongo bure. Nisamehe.

Sasa jambo la haraka. Kitu kilichofutwa kwenye simu mara nyingine hubaki chini kwa chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Tafadhali, usipige picha. Usirekodi kitu. Izime, uipeleke kwa fundi wa simu anayeaminika. Tafadhali, Chiriku.

Kaka


Tarehe 16 Aprili

Kaka,

Nimepata ile ya hoja yangu "haisimami".

Haisimami! Nilikosa subira! Mimi ninayengoja nusu saa mama ameze vijiko vinne vya uji, nimekosa subira ya kungoja mstari. Na wewe unafanya majaribio. Fanya. Ukimaliza niandikie ripoti yenye kurasa na tanbihi.

Eti mashine hazifichi jambo kwa sababu hazina wifi. Nani alikuambia mawifi ndio wanaoficha? Katika familia hii aliyeficha mambo ni wewe, kila ulipoandika "nitakuja mwakani, Mungu akipenda".

Nilimsomea mama barua yako. Sikukusudia kumsomea yote, lakini unajua mdomo wangu. Nilipofika kwenye "iliondolewa baadaye" akapiga ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima mpaka kikombe kikaanguka. Sijui alikuwa anakupiga wewe au ananipiga mimi. Daktari anasema anaelewa kila kitu, maneno tu ndiyo hayatoki.

Na usinitumie barua ya kudai simu, najua itakuja. Simu nimeijaza. Msimu wa sare umeanza, nina picha za vipimo vya shule nzima humo, mabega, viuno, urefu wa sketi, na wateja wananitumia mitindo kila asubuhi. Hakuna kilichobaki cha kuchimba. Ulisema nifute nipate nafasi. Nilipata nafasi, nimeitumia.

Maneno ya mama ni yako, ndiyo. Njoo uyachukue.

Chiriku


Tarehe 1 Mei

Chiriku,

Yako ya tarehe kumi na sita imefika jana. Nadhani yangu ya tarehe nane umeshaipata sasa, unajua jaribio lilivyoisha. Sirudii.

Kwa hiyo simu imekwenda. Sikulaumu. Nilivunja kikombe, sikufichi, na bado nina hasira, ila sijui nimkasirikie nani. Siwezi kuikasirikia kompyuta. Ilifanya ilivyoundwa kufanya, ingekuambia kama ningekufundisha kuuliza. Siwezi kukukasirikia wewe. Ninabaki na mimi, na nimeshachoka kujigombeza.

Basi nakuomba. Maneno ya mama yamebaki mahali pawili tu, kwake na kwako, na kwake hayatoki. Niandikie. Usiyapunguze makali, usiyaongezee sukari. Sitauliza ushahidi, na sitasema umetunga. Ukitaka niombe nikiwa nimepiga magoti, jua nimepiga, ingawa goti la kulia linalalamika na sakafu inatetemeka kwa mashine za dobi.

Kaka


Tarehe 15 Mei

Kaka,

Nimezipata zote mbili. Ile ya memori niliisoma polepole, mara ya pili nikiwa na kompyuta mbele yangu. Nikavuta video ya mteja kwenye diski yangu ya kazi, mstari ukaisha, nikabonyeza kitufe cha kuondoa. Ikaniandikia nisichomoe, bado inaandika. Nikakaa naitazama. Nilitaka kuitupa dirishani. Wakati wote ule ingeniambia, kama ningejua kuuliza!

Msamaha nimeupokea nusu. Nusu nyingine bado naipima.

Sikukwambia mapema kwa sababu nilitaka uyasikie kutoka mdomoni mwake, usije ukasema Chiriku ameongeza chumvi. Halafu ukanichafua, nikaona bora nife nayo. Lakini juzi mama alinitazama, akaitazama barua yako, akanitazama tena, na yale macho unayajua.

Haya. Alijifunga kilemba, akasema hivi:

"Wewe. Najua umekaa kwenye hicho kiti chako, umevaa miwani, unatafuta kosa la kusahihisha. Weka miwani chini unisikilize. Umetuma kompyuta. Umetuma simu. Umetuma blanketi zito, na huku tunalala milango wazi kwa joto. Kila nikisema nataka kukuona, kinakuja kifurushi. Mimi ni mama yako, mimi si stoo. Karatasi zako za kusafiria zilitoka mdogo wako akiwa bado hana mvi hata moja. Uliandika kwa furaha, nikapika, nikawaalika watu. Ukaja? Hukuja. Najua unachoogopa. Unaogopa kufika ukakuta nyumba ya zamani haipo na mtaa haupo. Havipo. Nimekwambia, sasa hutashtuka. Mimi nipo. Haya, sikia sana hapa. Nikifa usije. Usiniletee koti jeusi na uso wa huzuni mbele ya watu, siwezi kukugombeza nikiwa ndani ya sanduku. Ukija, uje nikiwa hai, nikugombeze mpaka nichoke, halafu tule. Basi. Chiriku, zima hicho kitu."

Nikazima. Akaniuliza kama amekuwa mkali sana. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Vizuri."

Hayo ndiyo. Amini usiamini.

Chiriku


Tarehe 30 Mei

Chiriku,

Naamini kila neno. Ungetunga, ungenitungia kitu cha upole.

Jana nilikwenda ofisi ya usafiri nikiwa na zile karatasi. Msichana wa dirishani aliuliza kama ni mazishi, maana watu wa umri wangu husafiri ghafla kwa mazishi. Nikamwambia hapana, naenda kugombezwa. Akacheka, akanitafutia nafasi.

Nafika tarehe 21 Juni, mchana. Sileti kifurushi. Nitalala sebuleni, sogeza sare kidogo.

Msomee mama barua hii yote, hata hapa. Mwambie sijui mtu asiyesema humgombezaje mwanawe, lakini ana mkono mmoja mzima na ukingo wa kitanda upo, na mimi nitakaa mbele yake mpaka achoke. Akimaliza ni zamu yako.

Kaka